Alama Mbili kwenye Ufito

Mzee Athumani alizikwa Kilosa siku ya Jumatano, na habari zilinifikia Mikumi Jumamosi, kwa mdomo wa dereva wa fuso la mahindi aliyeleta bampa lake linyooshwe. Aliitaja katikati ya habari nyingine, baada ya bei ya dizeli na kabla ya mvua: yule mzee wa majiko, jirani na stesheni ya zamani, amefariki. Nilimuuliza mzee yupi, ingawa nilikuwa nimeshajua. Mazishi nilikuwa nimeyakosa. Siku ya arobaini nilifunga banda, nikavaa shati jeupe, nikaenda. Kutoka Mikumi hadi Kilosa ni safari ya asubuhi moja, hata msimu ambao barabara imeharibika, na mimi sikuwa nimemwona mzee huyo uso kwa uso kwa miaka ishirini na saba. Naandika hilo mwanzoni kwa sababu nimezoea kuandika vipimo kabla ya kuanza kazi. Umbali haukuwa sababu.

Nilikaribishwa sebuleni pamoja na wanaume wengine. Kuta zilikuwa za rangi ya kijani iliyopauka, runinga imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake picha ya mzee akiwa kijana, amevaa ovaroli ya karakana ya reli, mikono imekunjwa. Dirishani palinukia pilau na kuni mbichi. Wazee wawili waliokaa karibu nami walikuwa wakizungumzia treni mpya. “Hii ya umeme haina moshi wala kelele,” alisema mmoja. “Unashtukia imeshapita.” Mwenzake akajibu kwamba marehemu hakuipenda hata siku moja. “Alisema kitu kizito namna ile kupita kimya si adabu.” Tulicheka, mimi pamoja nao, kwa kuwa nilimsikia mzee mwenyewe ndani ya maneno yale. Kisha sikuweza kucheka tena. Nilikaa na kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa, nikiufikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu.

Wazazi wangu na nilikotoka naviacha, havina kazi katika sura hii. Inatosha kusema kwamba nilifika Mikumi nikiwa na miaka ishirini na minne, nimeshafanya kazi ya kunyoosha bodi za magari Morogoro kwa miaka mitatu, na katika begi langu mlikuwa na kamusi na kitabu kimoja cha Kiingereza kuhusu bodi, kisicho na jalada, nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Shule sikuifika mbali. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja kwa siku, natafuta kila neno nisilolijua, na ninachokielewa nakiandika kwa Kiswahili katika daftari la mistari. Ukurasa ukinishinda, naurudia kesho yake. Katika banda la Mzee Athumani jina langu la Gervas lilidumu siku mbili. Siku ya tatu Chande, fundi wa kuchomelea, alinikuta nasoma huku nakula muhogo, akasema, “Hamjambo nyote, na wewe Kitabu.” Kuanzia hapo nikawa Kitabu, hata kwa wateja.

Tulikuwa watatu. Mzee alikuwa ameacha karakana ya reli Kilosa akahamia Mikumi kufuata kazi, kwa sababu barabara kuu inapita katikati ya hifadhi na wanyama hawana ratiba. Kila wiki kulikuwa na pundamilia aliyeingia kwenye taa za basi, au dereva aliyemkwepa nyani akaukuta mtaro. Mzee hakuwa na mashine ya maana. Alikuwa na nyundo saba, kipande cha reli cha urefu wa mkono alichokitumia kama fuawe, na mataruma manane, zile mbao nene zinazolazwa chini ya reli, ya kuinulia magari. Puti, ile dawa ya kuzibia mabonde kwenye bati, hakuitaka. “Puti ni uji,” alikuwa akimwambia dereva mwenye haraka. “Ukitaka uji, mke wangu Bi Mwajuma yuko nyuma, anapika mzuri.” Bati alilirudisha kwa nyundo mpaka likakaa lilivyozaliwa. Futi ya chuma hakuitumia. Alikuwa na ufito wa mninga, mrefu kama mtu, na kila kipimo alikichonga juu yake kwa tupa, alama pana yenye pembe nne, kisha akakisoma kwa kidole gumba. Nilidhani ni mazoea ya kizamani. Niliandika hivyo katika daftari langu, na nimelisoma tena juzi: “Mzee hapimi kwa macho, anapima kwa kidole. Mazoea ya kizamani.”

Kitu kingine alichokitoa karakana ya reli kilikuwa swali. Walipotaka kuinua behewa, alituambia, msimamizi alimpitia kila mtu mmoja mmoja na kumuuliza kama ana neno, na aliyekuwa nalo alilisema hapo hapo, hata kama ni mfagiaji, kwa sababu behewa likishainuliwa maneno hayana faida. Aliyejibu “sina” alikuwa ametia mkono wake katika kazi ile. Mzee aliifuata desturi hiyo Mikumi bila kuiruka. Kabla ya kukata bati, kabla ya kuwasha moto wa kuungia, alisimama, akaifuta mikono yake, akauliza: “Chande, una neno?” “Sina, mzee.” “Kitabu, una neno?” “Sina, mzee.” Kwa miezi minane nilijibu vile kama mtu anavyoitikia salamu.

Nilikuwa na chumba nyuma ya nyumba aliyopanga mzee. Kitanda cha kamba, ndoo, msumari wa kutundikia nguo, na ukuta wa kutenganisha ambao haukufika kwenye bati, kwa hiyo harufu za jikoni na maneno ya watu vilipita juu bila kuomba ruhusa. Tulikula pamoja, mimi na mzee na Chande, sinia moja mkekani: ugali na mlenda, siku nyingine maharage ya nazi, Ijumaa kuku akipatikana. Mzee alikuwa akinimegea nyama na kuisukuma upande wangu bila kusema kitu. Bi Mwajuma alinitania kwamba nasoma sana na kula kidogo. “Hayo maneno ya Kizungu yanakushibisha?” Sijawahi kula vizuri kama mwaka ule, na siusemi ugali peke yake.

Gari lenyewe lilikuja mwezi wa tisa wa kukaa kwangu, likiwa juu ya lori. Lilikuwa dogo, la viti viwili, la michezo, rangi ya maziwa, halina paa isipokuwa turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Lilikuwa chini sana hivi kwamba utingo wa lori waliliangalia kwa juu kama watu wanaotazama kisimani. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshalipa jina: Bakuli. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani ya jua, Mama Salome, akitoka Dar es Salaam kwenda Iringa. “Mmegonga nini, mama?” Chande alimuuliza. “Sijagonga,” alijibu. “Nilisimama kama sheria inavyotaka, nyati wakapita, wa mwisho akaniona mimi ndiye mwenye makosa.” Nyati alikuwa ameuingiza mlango wa kushoto ndani, akalisukuma gari nje ya lami mpaka likakaa kwa ubavu juu ya ukingo wa kalavati. Ukingo ule ndio uliofanya ubaya mkubwa. Ile boriti ya bati inayopita chini ya mlango, ambayo sisi tuliiita kizingiti, ilikuwa imekunjwa na kupasuka.

Alikunywa chai nyumbani kwa Bi Mwajuma, na pale mkekani akatueleza kwa nini gari lile lilikuwa barabarani. Mumewe alilinunua mwaka aliozaliwa binti yao, akamwambia mtoto, tangu hajajua kutembea, kwamba siku ya harusi atampakia humo, paa wazi, watu wamwone. Mume alifariki. Harusi ilikuwa Iringa, baada ya wiki tatu. “Nimejifunza kuliendesha kwa ajili ya siku hiyo moja,” alisema. “Nikishamshusha kanisani, hata mkilifanya banda la kuku sina shida.” Mzee alimsikiliza huku ameinamisha kichwa. Alimwambia, “Mama, Salome atapanda gari la baba yake.” Sikuwahi kumsikia akiahidi kazi kabla ya hapo. Kwa kawaida alisema tutaona.

Katika kitabu changu kulikuwa na kurasa mbili juu ya magari yasiyo na paa, na nilikuwa nimezielewa vizuri. Land Rover na lori vina chesisi chini, bodi imekaa juu yake kama kitanda juu ya sakafu. Unaweza kukata unachotaka. Gari la kawaida halina chesisi ya namna hiyo, lakini lina paa, na paa linasaidia kushika. Gari lisilo na chesisi wala paa linashikwa na vizingiti vyake. Ukikata kimoja bila kwanza kufunga chuma katika uwazi wa mlango, toka kwenye nguzo ya bawaba hadi kwenye nguzo ya kitasa, gari linalegea katikati, taratibu, na uwazi wa mlango unabana kwa juu. Linaweza kulegea usione kwa macho. Ukiunga kizingiti kipya likiwa hivyo, limekaa hivyo.

Asubuhi ya kukata, gari lilikuwa limeinuliwa juu ya mataruma, mbele na nyuma, mlango umetolewa. Madereva wanne wa malori walikuwa wamekuja kutazama Bakuli, vikombe mkononi. Mzee akauliza desturi yake. Chande hakuwa na neno. Mimi nilikuwa nalo, nikalisema: gari hili halina chesisi, halina paa, tukikata hapa litashikwa na nini, tufunge chuma kwanza. Nilisema vizuri, lakini nilisema kirefu, na mwishoni nikataja kitabu. “Kitabu kimesema,” Chande aliitikia kwa sauti ya shehe, na madereva wakacheka. Mzee alicheka pia. “Mwanangu, mimi nimenyoosha mabehewa,” alisema. “Hii ni bakuli. Siku ukiwa na banda lako utafunga vyuma mpaka kwenye mabomba ya maji.” Wakacheka zaidi. Dereva mmoja akauliza kama kitabu kinasema pia nyati alikuwa na leseni. Nami nilitabasamu, nikashika upande wangu wa kizingiti, tukakata.

Jioni ile, nikiwa kitandani na daftari, kabla ya adhana ya magharibi, nilisikia maneno juu ya ukuta. Bi Mwajuma alikuwa akikaanga samaki. Alisema, “Waambie macho yamekuishia. Waambie tu.” Mzee alijibu kwamba akisema, nani atamletea gari. Kisha nikamsikia akisema, “Yule kijana anaona kwa niaba yangu. Nikimuuliza, ataniambia.” Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Wakati ule nilipoyasikia, hasira yangu iliyageuza. Nilijiambia: amekuwa akinitumia kama miwani yake, na leo amenivua mbele ya watu.

Asubuhi iliyofuata niliwahi bandani peke yangu. Nataka kuandika hapa nilichofanya kwa utaratibu. Jana yake, mara tu baada ya kuondoa mlango na kabla ya kukata, nilikuwa nimeuchukua ufito wa mzee, nikapima uwazi wa mlango kwa juu, nguzo hadi nguzo, nikaweka alama nyembamba kwa msumeno wa chuma. Asubuhi hii nilipima tena mahali pale pale. Kipimo hakikufika kwenye alama. Niliweka ya pili. Kati ya alama mbili kulikuwa na nusu inchi. Gari lilikuwa limelegea kama kitabu kilivyosema, na kazi ya kulirudisha isingekuwa kubwa: jeki moja katikati, chuma kimoja, masaa mawili. Niliufuta ufito vumbi la msumeno, nikaurudisha mahali pake juu ya mapapi ya paa. Nilijisikia mtulivu sana. Sijapenda utulivu wangu tangu siku ile. Ukinijia namna hiyo, huwa naacha ninachofanya.

Chande alifika, mzee akafika, tukanywa chai na vitumbua. Kizingiti kipya kilikuwa tayari. Mzee alikuwa amekikunja kwa mkono kutoka bati nene, kazi safi ambayo mpaka leo sijaifikia. Alikipitishia kidole gumba urefu wake wote. Chande akafungua gesi. Siku hiyo hapakuwa na madereva, hapakuwa na mtu wa kucheka. Mzee alisimama, akafuta mikono yake kwa tambara, taratibu kuliko kawaida.

“Chande, una neno?”

“Sina, mzee.”

Akanigeukia mimi. Sasa nilijua kwamba hakuwa akiuona uso wangu vizuri, ila umbo langu tu. Alisubiri. “Kitabu,” alisema. “Wewe. Una neno?” Aliliuliza kwa namna ambayo hakuwahi kuliuliza, akivuta neno “wewe”, na ningekuwa mtu bora ningesikia kwamba ananiomba radhi ya jana kwa njia pekee aliyoiweza.

“Sina, mzee,” nilisema.

Moto ukawashwa. Mpaka alasiri kizingiti kilikuwa kimeungwa pande zote, na siku sita zilizofuata mzee alizitumia kwenye mlango. Aliulaza juu ya kipande cha reli akaugonga kutoka ndani, pigo dogo dogo, akipitisha kiganja, akigonga tena. Alikuwa akiimba kwa chini nyimbo za watu wa njia ya reli. Mlango ule ulirudi kama vile nyati hajawahi kuzaliwa. Mimi niliupiga msasa, niliupaka rangi ya chini, na kila siku nilijiambia nitasema kesho, na kila siku kusema kulikuwa na aibu zaidi, kwa sababu sasa nisingekuwa na neno juu ya gari, ningekuwa na neno juu yangu mwenyewe.

Siku ya kufunga mlango tuliushika mimi na Chande, mzee akaingiza pini za bawaba. Tuliusukuma. Uligota kwenye nguzo ya kitasa. Tukarekebisha bawaba, ukagota. Chande akasema labda rangi ni nene. Mzee alitusogeza pembeni, akaufunga mwenyewe kwa upole, akasikiliza unapogota, akapitisha kidole gumba kwenye mwanya wa chini, kisha wa juu, ambako hapakuwa na mwanya. “Umebana,” alisema. Basi, ni hilo tu. Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya Mama Salome kupita, na ili kurekebisha ilibidi kukata kila kilichoungwa. Alituambia twende tukapumzike. Nilipogeuka nyuma nilimwona akinyoosha mkono juu ya mapapi, akipapasa kutafuta ufito. Niliendelea kutembea.

Mama Salome alikuja na kaka yake. Mzee alimwambia akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa mbele ya bosi. “Mama, kosa ni langu. Mkono wangu umekata na mkono wangu umeunga. Vijana hawa wamefanya nilichowaambia.” Mama yule hakupaza sauti. Aliukaribia mlango uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaupapasa kutoka juu hadi chini, akavua miwani. “Mmeunyoosha vizuri,” alisema. “Hauna pa kukaa tu.” Gari lilipandishwa kwenye lori, mlango ukafungwa kwa kamba ndani ya bodi, na Salome alikwenda kanisani kwa gari la kukodi kama mabinti wengine wote. Hilo nililisikia baadaye kwa dereva mmoja wa wale wanne, aliyekuwa akisimulia habari hiyo kila alikosimama kunywa chai, kutoka Doma hadi Ruaha. Bakuli limemshinda mzee. Wengine waliongeza kwamba kijana wake, yule wa kitabu, alimwambia mapema, akapuuzwa. Hadithi hiyo ilikuwa na ukweli nusu, na nusu ile ilinifaa, kwa hiyo sikuisahihisha.

Kuanzia hapo magari yalikuja kuniuliza mimi. Dereva alishuka, akamwamkia mzee shikamoo, akapokea marahaba yake, kisha akanivuta pembeni. Mzee aliyaona hayo, au aliyasikia. Kabla mwaka haujaisha alisema anarudi Kilosa, mjini kwake, atengeneze majiko na ndoo, kazi isiyohitaji mtu kuona mbali. Aliniachia banda, nyundo sita kati ya saba, na mataruma. Ufito aliuchukua. Asubuhi ya kuondoka Bi Mwajuma alinifungia maandazi kwenye gazeti. Mzee alinishika mkono akaushika kwa muda mrefu, nami nilijua kwamba hiyo ndiyo nafasi, kwamba ananisubiri. Nikamtakia safari njema.

Banda lile limenilisha, limenijengea nyumba, limenisomeshea watoto. Lina mashine ya kuvutia bodi sasa, na vijana watano. Kabla ya kukata nawauliza kila mmoja kama ana neno, na aliye nalo hachekwi. Nimewahi kumwachisha kazi mtu kwa kumcheka mwenzake. Wanadhani ni ukali wa uzee. Mara tatu nilipanda gari kwenda Kilosa. Mara ya kwanza niliishia stendi, nikanunua mapera nikarudi. Mara mbili nyingine sikufika hata hapo.

Baada ya dua na chakula, Bi Mwajuma aliniita uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya masufuria, mdogo kuliko nilivyomwacha, kanga imefungwa chini ya kidevu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umenenepa, Kitabu. Umeacha kusoma?”

“Nasoma bado.”

“Haya.” Alimtuma mjukuu ndani, akatoka na ufito umezungushiwa kanga kuukuu. “Alisema ukija, nikupe. Usipokuja, nichochee maharage.”

“Ungesubiri mpaka lini?”

“Maharage nimepika mengi,” alisema.

Nilifungua kanga. Mninga ulikuwa umeng’aa kwa kushikwa. Alama zake za tupa zilikuwa palepale, pana, na katikati yao mbili nyembamba za msumeno, kingo zake zimelainika kuliko nyingine zote. Bi Mwajuma aliniangalia nikiziangalia. Alisema mzee alikuja nao nyumbani jioni ile mlango ulipokataa, akakaa kwenye mkeka, kidole gumba kwenye alama moja, kisha nyingine, kisha ya kwanza. “Akaniambia, hizi si zangu. Nikamuuliza za nani. Akasema, mwenzangu alipima.”

“Jioni ile ile?” niliuliza. “Kabla mwenye gari hajaja?”

“Kabla.”

Nyuma yetu wanawake walikuwa wakibishana kuhusu nani ameondoka na upawa. Niliuliza kwa nini hakusema, kwa nini alisimama pale na kusema kosa ni lake, naye alikuwa na ushahidi mkononi. Bi Mwajuma alitikisa mabega kama mtu anayeulizwa jambo la jana.

“Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, siku yule kijana alipokuwa na neno nilimcheka. Nitamdai nini?” Akavuta sufuria karibu, akaanza kulisugua kwa majivu. “Macho yalipokwisha kabisa, ufito huo ndio aliokuwa akiushika barazani. Watu walidhani ni mkongojo. Alisema ukija, nikwambie ulipima vizuri.”

“Alisema hivyo tu?”

“Hivyo tu. Mengine alitaka mwongee wenyewe. Kila gari lililosimama hapo nje kwa miaka ile alikuwa akiuliza, ni la wapi hilo.” Alinitazama kwanza mikononi, kisha usoni. “Kula, baba. Pilau inapoa.”

Nilirudi Mikumi na ufito umelazwa juu ya viti, ncha yake karibu na bega langu. Vijana walikuwa wameshafunga na kuondoka. Nilifungua banda, nikauweka juu ya meza chini ya dirisha, nikachukua futi ya chuma, nikapima nafasi kati ya alama zile mbili. Nusu inchi kamili. Nilipima tena kutoka upande wa pili. Sikuwa nimekosea hata kidogo.